Kabla ya Kuuza Ng'ombe: Chagueni Viza Inayoijua Ndoa Yenu



Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo siku hizi limebisha hodi karibu katika kila jumuiya ndogo ndogo: safari ya ng'ambo. Sisemi juu ya kijana mseja anayekwenda kutafuta maisha. Nasema juu ya mtu mwenye mke au mume, na watoto wanaomwita baba au mama. Watu wengi huniuliza habari za nauli, pasipoti na wakala. Wachache sana huniuliza habari ya viza yenyewe: ni ya aina gani, na je, inamtambua mwenzangu? Hilo ndilo somo letu la leo.

HARAMBEE NILIYOISHIKIA KITABU

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2023 mama mmoja wa jumuiya yetu alipata nafasi ya kwenda Uingereza kuwahudumia wakongwe katika nyumba ya wazee. Mimi ndimi niliyewapa yeye na mume wake mafundisho ya ndoa, na watoto wao watatu nimewafundisha katekisimu. Tukafanya harambee, nami nikawa mwekahazina. Mume aliuza ng'ombe wawili wa maziwa, akaongeza na mkopo wa ushirika. Mpango ulikuwa mama atangulie, na akishatulia kwa miezi sita, baba na watoto wamfuate.

Siku ile ya harambee kila mtu aliniuliza, "Mwalimu, imebaki pesa ngapi?" Hakuna aliyeuliza, "Viza hiyo ni ya namna gani?" Hata mimi mwenye kitabu sikuuliza.

Karatasi zilichelewa. Ombi la viza likapelekwa mwezi wa Aprili 2024. Sisi hatukujua kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imebadilisha sheria. Mhudumu wa wazee aliyeomba viza tangu tarehe 11 Machi 2024 hakuruhusiwa tena kuwaleta mume, mke au watoto. Aliyeomba kabla ya siku hiyo aliruhusiwa. Tofauti ilikuwa wiki chache tu.

Mama alisafiri. Mwezi wa Novemba baba alinijia jioni na karatasi alizokuwa ametafuta ili awaombee viza watoto. Akaniuliza, "Mwalimu, hapa wanasema nini?" Nikasoma mara mbili, kisha ikanibidi nimwambie.

Mpaka leo wanaishi hivyo. Pesa zinakuja na karo inalipwa. Lakini mtoto wao wa pili alipopokea Komunyo ya Kwanza, mama alitazama kwa simu, na baba alisimama Misa nzima ameinua mkono juu ya vichwa vya watu ili mama aone. Simlaumu mama yule wala mume wake. Walitaka mema. Kilichokosekana ni swali moja, na lilipaswa kuulizwa kabla ng'ombe hawajatoka zizini.

SWALI LA KWANZA: PAMOJA NA NANI?

Wengi hudhani viza ni ruhusa ya kuvuka mpaka tu. Sivyo. Viza ni kama mapatano kati yako na nchi ile. Inasema mambo matatu: unakwenda kufanya nini, utakaa muda gani, na unaweza kukaa pamoja na nani. Mambo mawili ya kwanza kila mtu huyauliza. La tatu ndilo wanandoa hulisahau, nalo ndilo linalogusa agano lenu.

Kanisa halikatazi kusafiri. Yosefu mwenyewe alihamia Misri. Lakini kumbukeni kwamba aliondoka usiku ule na mtoto na mama yake. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1151, inawapa mume na mke wajibu, na pia haki, ya kuishi pamoja, isipokuwa kuwe na sababu halali ya kuwazuia. Nayo Hati ya Haki za Familia, iliyotolewa na Kiti Kitakatifu mwaka 1983, inatetea haki ya mfanyakazi mhamiaji kuunganishwa na familia yake mapema iwezekanavyo. Kwa hiyo mkiuliza habari ya kukaa pamoja, msione aibu kana kwamba mnadai makubwa. Mnauliza jambo mlilolitamka mbele ya altare.

Basi, mbele ya nafasi yoyote ya ng'ambo, ulizeni hivi: "Viza hii inamruhusu mwenzangu na watoto kuja? Wakija, mwenzangu anaruhusiwa kufanya kazi? Na watoto wanaruhusiwa kusoma?" Msikubali jibu la "mtaangalia mbele ya safari." Hilo si jibu.

ZIJUENI AINA ZA VIZA

Kila nchi ina majina yake, lakini kwa familia tunaweza kuziweka katika mafungu matano.

La kwanza ni viza ya matembezi. Hii ni ya kwenda na kurudi. Uingereza kwa kawaida humpa mgeni muda usiozidi miezi 6, naye haruhusiwi kufanya kazi. Akitokea mtu akawaambia, "Nendeni kwa viza ya matembezi, mtabadilisha mkifika," jihadharini naye. Wengi waliofanya hivyo wanaishi wakijificha, na mtu anayejificha hawezi kurudi nyumbani hata kumzika mzazi wake, kwa maana akitoka hataingia tena.

La pili ni viza ya mwanafunzi. Hapa ndipo mabadiliko yamekuwa mengi. Zamani mtu alikwenda Uingereza kusoma shahada ya pili, akawachukua mke na watoto. Tangu tarehe 1 Januari 2024, wanaoanza masomo huko hawawezi kuwachukua, isipokuwa wale wa udaktari wa falsafa au shahada ya juu ya utafiti, na wachache wanaolipiwa na serikali. Marekani huruhusu mke au mume wa mwanafunzi na watoto wao kufuatana naye, na watoto huenda shule. Lakini mwenzi aliyeingia kwa viza ile iitwayo F-2 haruhusiwi kuajiriwa hata siku moja. Kuna viza nyingine ya Marekani ya mabadilishano ya masomo na kazi, iitwayo J-1, ambayo mwenzi wake anaweza kuomba kibali cha kazi. Kanada nako, tangu tarehe 21 Januari 2025, kibali cha kazi kwa mwenzi wa mwanafunzi kimebaki kwa wale wanaosoma udaktari wa falsafa, shahada ya pili ya miezi 16 au zaidi, na kozi chache za taaluma zilizotajwa.

Fikirini maana yake nyumbani. Mume aliyezoea kuleta unga, akikaa miaka miwili katika chumba kimoja katika nchi ya baridi bila ruhusa ya kufanya kazi, huanza kujiona si kitu. Ndivyo ilivyo pia kwa mke aliyekuwa na duka lake. Kama mnachagua viza ya namna hiyo, jueni mapema, na mkubaliane atafanya nini na siku zake.

La tatu ni viza ya kazi. Hii hutofautiana kwa kazi na kazi, hata ndani ya nchi moja. Muuguzi aliyesajiliwa anayekwenda kufanya uuguzi Uingereza anaweza kuwachukua mwenzi na watoto, na mwenzi anaruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote. Mhudumu wa wazee hawezi kuwachukua, kama tulivyoona, na tena tangu tarehe 22 Julai 2025 nchi hiyo imeacha kabisa kuandika wahudumu wapya kutoka nje. Kwa hiyo mtu akikuuzia leo "kazi ya kutunza wazee Uingereza", anakuuzia mlango uliokwisha kufungwa.

Huko Falme za Kiarabu, yaani Dubai na majirani zake, mfanyakazi anaweza kuidhamini familia yake kama mshahara wake unafika dirhamu 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba. Lakini dada anayekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani hukaa katika nyumba ya mwajiri, chini ya udhamini wa mwajiri huyo. Hapo hakuna nafasi ya mume wala mtoto. Mke mwenye mtoto mchanga akienda kwa kazi hiyo, wanandoa wajue wazi kwamba wamechagua kutengana. Wasijidanganye kwamba mume atafuata.

La nne ni viza ya kumfuata mwenzi. Mmoja amekwisha kukaa kule kihalali, na sasa anamwita mwenzake. Hii nayo ina masharti. Ujerumani, ambayo ilitia sahihi mapatano na Kenya juu ya wafanyakazi mwezi Septemba 2024, kwa kawaida humtaka mke au mume anayefuata awe ametimiza miaka 18 na ajue Kijerumani cha hatua ya kwanza, kiitwacho A1, kabla ya kupewa viza. Mwenzi wa mtaalamu mwenye ile kadi ya buluu ya Ulaya amesamehewa sharti la lugha. Mara nyingi pia aliye kule huombwa kuonyesha kwamba anaweza kuwalisha wake bila kutegemea serikali. Kwa hiyo mume akitangulia Ujerumani, mke asikae akisubiri simu. Aanze kujifunza lugha wiki ileile.

La tano ni ukazi wa kudumu. Hapa nchi inaipokea familia nzima tangu mwanzo, kama Kanada inavyofanya kwa watu wenye ujuzi inaowachagua. Ni njia ndefu na ina mitihani, lakini kwa ndoa ndiyo yenye amani zaidi, kwa sababu mwenzi naye hupewa haki ya kufanya kazi na watoto huingia shule kama watoto wa nchi.

MTOTO NI NANI?

Hili huwashangaza wazazi wengi. Kwetu mtoto ni mtoto hata akiwa na ndevu. Kwa afisa wa viza, mtoto ana mwisho. Uingereza, mtegemezi anayeomba mara ya kwanza awe hajatimiza miaka 18. Marekani, awe hajatimiza 21 na hajaoa wala kuolewa. Kanada, awe chini ya miaka 22 na asiwe na mke au mume. Ujerumani, chini ya 18, tena aliyekwisha kutimiza 16 akifuata baadaye peke yake huweza kudaiwa ajue Kijerumani vizuri sana.

Basi chukueni karatasi, mwandike tarehe ya kuzaliwa ya kifungua mimba wenu. Kama ana miaka 16 na mpango wenu ni kwamba baba atangulie, wengine wafuate baada ya miaka mitatu, kwa Uingereza au Ujerumani mmekwisha kumwacha mtoto huyo nyumbani bila kujua. Wakati mwingine umri wa mtoto mmoja ndio unaoamua nchi gani na lini.

VYETI: NDOA YENU IKO WAPI KWENYE KARATASI?

Ubalozi haukuwapo siku ya arusi yenu, wala haukula pilau yenu. Unajua karatasi tu. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, hata ile ya kimila. Mliofunga ndoa kanisani, hakikisheni mnacho cheti, na kwamba nakala ilifika kwa Msajili wa Ndoa. Mara nyingine nakala hubaki katika kabati la parokia miaka kumi bila mtu kujua. Nendeni mkaulize sasa, kabla ya haraka.

Mliolipa mahari na kukaa pamoja miaka mingi bila cheti chochote, tatizo lenu ni kubwa zaidi. Mbele ya serikali ya kigeni, mke huyo atakuwa kama jirani. Sajilini ndoa hiyo ya kimila. Na kama hakuna kizuizi, mwoneni paroko mjiandae kwa sakramenti, lakini si kwa ajili ya viza. Msije mkaapa mbele ya Mungu kwa sababu ya muhuri wa pasipoti.

Kagueni pia majina. Jina la ubatizo liko kwenye kitambulisho, lakini halipo kwenye cheti cha kuzaliwa. Jina la baba limeandikwa kwa herufi moja pungufu. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa, ana kile cha kliniki tu. Mambo haya huonekana madogo hapa kijijini, lakini huko yamerudisha maombi ya watu wengi. Pasipoti ya mtoto huombwa kupitia eCitizen na huhitaji idhini ya wazazi, kwa hiyo msingoje mpaka mmoja wenu awe amekwisha kupanda ndege.

MSIMFUTE MWENZENU KWENYE FOMU

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nalisema kwa uchungu. Kuna mawakala wanaomwambia mume, "Andika huna mke. Mseja hupata viza upesi." Na mke anaambiwa, "Usitaje watoto, utaonekana una mzigo." Wapendwa, msikubali!

Kwanza ni uongo, na ni kuikana ndoa yako kwa mkono wako mwenyewe. Pili, uongo huo hurudi. Kanada, ukiomba ukazi wa kudumu, inakutaka umtaje kila mtu wa familia yako, hata asiyesafiri nawe. Usiyemtaja, naye asipokaguliwa, sheria inaweza kumfungia mlango usiweze kumdhamini baadaye. Umemficha mkeo ili upite, kumbe umemfungia nje. Wengi waliojaza bahati nasibu ya Marekani walijikwaa hapohapo. Kanuni ilidai jina la mke au mume na la kila mtoto aliye chini ya miaka 21 liandikwe tangu siku ya kwanza. Aliyeacha jina aliweza kupoteza bahati yenyewe hata kama alikuwa amechaguliwa.

Na adhabu za udanganyifu si ndogo. Uingereza huweza kukufungia miaka 10. Kanada miaka 5. Marekani mtu aliyedanganya katika ombi lake huweza kufungiwa maisha, mpaka apewe msamaha maalumu.

Hapa naitaja pia ile inayoitwa "ndoa ya makaratasi". Mume anamwambia mke wake, "Tutalikiana kwenye karatasi tu, nioe mtu wa kule, nikipata makaratasi nitakurudia." Jambo hili ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Na kwetu sisi Wakatoliki halina jina zuri hata moja. Mke akiambiwa hivyo, asidhani ni ujanja wa maisha. Hapo ndoa yenyewe ndiyo inayotolewa rehani.

HESABU IPIGWE KWA VICHWA VYOTE

Wanandoa wengi hupiga hesabu ya mtu mmoja, kisha wanazidisha nauli. Lakini ada za viza ni kwa kila kichwa. Chukueni mfano wa mtaalamu anayekwenda kufanya kazi isiyo ya afya Uingereza. Pamoja na ada ya viza, kila mtu mzima hulipa ada ya matibabu ya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na kila mtoto pauni 776. Hivyo ndivyo ilivyowekwa tangu Februari 2024. Baba, mama na watoto wawili kwa miaka mitatu ni pauni 10,866, na zinalipwa zote kabla ya kusafiri! Lakini muuguzi mwenye viza ya kazi za afya amesamehewa ada hiyo, yeye na familia yake. Mnaona jinsi aina ya viza inavyobadilisha hesabu nzima ya nyumba?

Ongezeni pasipoti, cheti cha tabia njema, uchunguzi wa kifua kikuu ambao Uingereza huwadai Wakenya wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi sita, mtihani wa lugha, na kodi ya nyumba ya mwezi wa kwanza. Jumla ikiwashinda, si aibu. Ni afadhali kujua mkiwa mezani kwenu kuliko kujua mkiwa mmekwisha kuweka hatimiliki ya shamba benki.

Na kabla ya kutoa shilingi moja kwa wakala, tazameni kama yumo katika orodha ya mawakala wenye leseni, inayotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Serikali ya Uingereza nayo huchapisha orodha ya waajiri wanaoruhusiwa kudhamini wafanyakazi, na kila mtu anaweza kuisoma. Tena someni masharti yenyewe ya nchi mnayokwenda, yale yanayotolewa na serikali yake, si maneno ya jirani aliyesafiri mwaka 2022. Sheria hizi hubadilika, na mara nyingi kinachohesabiwa ni siku mliyopeleka ombi. Kwa hiyo someni mara mbili: siku mnapoanza mpango, na tena siku mnapopeleka ombi. Sisi tungalifanya hivyo mwezi ule wa Aprili, tungalijua.

WALIOSUBIRI

Nawajua wenzi wengine, wa parokia jirani. Mke ni muuguzi aliyesajiliwa. Mwaka 2023 naye aliambiwa kuna nafasi ya haraka ya kutunza wazee. Shangazi zake walimhimiza, "Nenda, mlango haufunguki mara mbili." Yeye na mume wake wakaketi siku tatu wakijadiliana. Mume akauliza swali lile: "Na sisi?" Wakaamua asubiri, afanye mtihani wa Kiingereza na ule wa wauguzi unaofanywa kwa kompyuta, ili aende kama muuguzi.

Ilichukua zaidi ya mwaka. Alianguka mtihani mara moja, na nyumbani palikuwa na maneno. Ukoo ulisema mume anamzuia mkewe kwa wivu. Alivumilia kusemwa. Mwaka 2025 walisafiri wote wanne, na mume sasa anafanya kazi katika kiwanda cha mikate. Sisemi wamefika mbinguni. Mke hufanya kazi usiku na mume mchana, na wakati mwingine hukutana mlangoni tu. Lakini mlango huo ni mmoja.

IKIWA LAZIMA MMOJA ATANGULIE

Zipo nyumba ambazo hazina njia nyingine. Deni limewabana, au mtoto ni mgonjwa, au kazi iliyopatikana ndiyo hiyo tu. Siwahukumu. Lakini msitengane kwa matumaini tu. Kubalianeni mambo haya na myaandike:

1. Mwisho. Tutakaa mbali mpaka mwezi gani, mwaka gani? Ikifika siku hiyo bila njia ya kuungana, nani atarudi?

2. Njia ya wa pili. Mwenzi atafuata kwa viza ya jina gani, na masharti yake ni yapi leo? Kama hakuna viza ya namna hiyo, semeni wazi kwamba haipo.

3. Pesa. Ngapi ni za nyumbani, ngapi za deni, ngapi za kuungana? Aliye nyumbani atoe hesabu bila kuulizwa, na aliye mbali aseme mshahara wake wa kweli.

4. Maongezi. Si simu za karo na mabati peke yake. Wekeni saa ya kuongea kama mume na mke, na saa nyingine ya kusali pamoja na watoto.

5. Nyumba. Nani ataishi na watoto, na nani hatalala katika nyumba hii? Mnaelewa ninachosema.

Nasi wanajumuiya tuna wajibu. Tukichanga pesa za kumsafirisha mke wa mtu, tusimsahau mume aliyebaki. Tumtembelee wenzi wawili wawili. Tumwalike chakula siku ya Pasaka. Tusiwe wa kwanza kunong'ona juu yake.

ZOEZI LA WANANDOA

Jioni moja wiki hii, watoto wakishalala, zimeni redio na televisheni, mkae mezani na kalamu. Kila mmoja ajibu peke yake kwanza, kisha msomeane:

– Nikisema "tuende ng'ambo", natafuta nini hasa? Karo, deni, heshima, au kukimbia jambo fulani hapa nyumbani?

– Viza tunayoifikiria inamruhusu nani kuja, nani kufanya kazi, nani kusoma?

– Ni muda gani mrefu zaidi ninaoweza kukaa bila wewe, nikisema ukweli?

– Vyeti vyetu viko wapi usiku huu?

Mkimaliza, msiamue usiku huohuo. Lalieni neno, mlifikishe kwa Mungu, mrudi kwalo baada ya wiki.

Jumapili iliyopita nilimwona tena baba yule wa harambee. Amenunua mtamba mmoja, naye ameniomba tusomee pamoja masharti ya viza ya matembezi, labda aende akamwone mkewe kwa mwezi mmoja. Tutayasoma kwa makini, neno kwa neno, mpaka ukurasa wa mwisho. Safari hii nimemwambia asiuze kitu chochote kwanza.

Mungu azibariki ndoa zenu, za hapa na za mbali. Tukutane mwezi ujao.